Chumba Kinapojibu

Baba aliniachia spika mbili za mninga,
nzito kama mifuko ya saruji,
moja imetoboka kitambaa
siku ile tulipohama Barabara ya Tisa
kwenda ya Kumi na Nne.

Mimi nikaiboresha nyumba.
Nikatoa mazulia yenye vumbi la miaka thelathini,
nikatandika vigae vyeupe, vinang'aa
hata paka anateleza.
Jipsamu juu, alumini madirishani.
Godoro la sufi nikampa mlinzi wa shule,
mapazia mazito nikayaita ushamba.
Kisha spika nikazibana pembeni kabisa,
watoto wasizifikie,
nikaweka kaseti ya ami Mbaruku na fidla yake,

na fidla ikalia kama bati chini ya msumeno.

"Baba yako amepata mafua,"
mama alisema kutoka jikoni. Hakucheka.

Nikanunua nyaya, nyaya nene za bei ya mbuzi.
Nikabadilisha amplifaya. Nikapunguza trebo,
nikaongeza besi, nikapunguza besi,
nikalaumu umeme, nikalaumu chumvi
inayokula kila chuma cha Tanga,
mwisho nikamlaumu marehemu:
labda masikio yake yalikuwa ya zama zake.

Akaja Shemndolwa, fundi wa Makorora,
kijana, bisibisi nne mfukoni;
hakuitoa hata moja.
Alisimama katikati ya sebule
akapiga kofi.

Pa!

Sebule ikamjibu: pa-a-a-ang',
kama sufuria iliyotumbukia kisimani.

"Umesikia? Spika zimesema mara moja tu.
Kinachorudia ni chumba.
Kila ukuta hapa unataka neno la mwisho."
Akainama kwenye kona, akaweka kiganja.
"Na besi umeirundika huku
kama wafiwa waliokosa mkeka.
Haina pa kukaa, itafanya nini? Inavuma."

Nikaikumbuka sebule ya zamani ilivyokuwa ikimeza:
mapazia, viti vya sufi, magazeti
yaliyopanda hadi usawa wa dirisha,
kanga zilizoanikwa ndani siku za mvua,
na wageni, wageni kila Alhamisi,
hata wale wanene walikuwa na kazi yao
na hakuna aliyewahi kuwashukuru.

Nilikwenda kwa mlinzi kulikomboa godoro.
Nililolitoa bure nikalinunua elfu ishirini,
na shuka akabaki nayo.
Tukalisimamisha ukutani, tukalifunika kanga.
Zulia tukaazima kwa jirani.
Kabati la vitabu tukalisukuma mkabala,
vitabu vimepangwa ovyo, "Viache hivyo hivyo,"
alisema Shemndolwa, "usawa ndio unaotupigia kelele."
Spika tukazivuta mbele, hatua moja na nusu,
tukazigeuza kidogo zitazamane na kiti
kama watu wawili wanaomshauri wa tatu.

Kofi tena.
Pa.
Likaanguka kwenye zulia, likalala.

Nikabonyeza kaseti.
Upinde ukagusa uzi, nikausikia
hadi ule ukavu wa ulimbo,
hadi pumzi ya ami kabla ya kupanda sauti.
Halafu, nyuma ya fidla, kikaja kitu
ambacho vigae vyangu vilikuwa vimekifuta:
mvua juu ya bati lisilo na dari,
mlango tuliouuza ukijikuna kwenye bawaba,
mtu anakohoa, na kijiko kwenye glasi,
ting, ting, ting, sukari haijayeyuka.
Ndani ya sebule yangu iliyofundishwa kunyamaza
kulikuwa na sebule nyingine, imejaa watu.

Mama alikuja mlangoni, mikono ina unga.
"Nani huyo asiye na adabu?
Mtu anapiga fidla, yeye anagonga kijiko!"

Sikumjibu.
Kwenye kaseti baba alinitangulia,
kwa sauti ya chini, karibu sana na kipaza sauti,
karibu sana na sisi:

"Mwanasha. Kijiko."

Na kijiko kikanyamaza.